Kukataa si Kusaliti: Mapenzi ya Utotoni Yasiyojibiwa katika Historia ya Riwaya ya Vijana

Mtahiniwa wa Karatasi ya Tatu anapokutana na swali kuhusu mapenzi katika riwaya, jambo la kwanza analolitafuta ni mkosaji. Kama wawili waliojuana tangu utotoni hawakuoana, basi sharti pawepo msaliti: baba mkali, tajiri mwenye uchu, msichana mwenye tamaa au mvulana kigeugeu. Miongozo inayouzwa sambamba na vitabu teule imemzoeza hivyo. Humo mna kichwa kisemacho "Mapenzi", na chini yake kingine kisemacho "Usaliti", na baina ya viwili hivyo hamna kitu. Ukimwuliza mtahiniwa huyo kosa la mhusika aliyependwa naye asipende, atakutazama kana kwamba umemwuliza swali la Kemia.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba baina ya mapenzi na usaliti kuna jambo la tatu, nalo lina historia yake. Jambo hilo ni kukataa. Nakusudia hasa kukataa kwa kijana anayependwa na rafiki yake wa utotoni, rafiki mwema asiye na doa kubwa, naye akasema la kwa sababu moyo wake haukuelekea huko. Katika riwaya iliyoandikwa makusudi kwa vijana, kukataa kwa namna hii kulipata umbo lake kamili mwaka 1869, tena baada ya mvutano mkali baina ya mwandishi na wasomaji wake. Katika riwaya yetu ya Kiswahili, kwa nionavyo, bado ni nadra, na unadra wenyewe una chanzo.

Tuanze mbali kidogo. Kisa cha Laila na Majnuni kilisimuliwa na Waarabu kwa karne nyingi kabla ya mshairi Nizami wa Ganja kukitunga kwa Kiajemi mwaka 1188. Katika utungo wa Nizami, Laila na Kais wanakutana shuleni wangali watoto. Minong'ono inaanza, Laila anaondolewa shule, na baba yake anakataa katakata posa ya Kais kwa kuwa kijana amekwisha kuitwa mwendawazimu. Laila anaozwa kwa Ibn Salam, na Kais anaishia nyikani pamoja na wanyama akibaki na lakabu ya Majnuni, neno ambalo Kiswahili nacho kimelipokea kwa umbo la majununi. Watu wa pwani yetu wanakifahamu kisa hiki, na sinema za Kihindi zilizopendwa sana Mombasa na Unguja zimekirudia kiunzi chake mara nyingi.

Tazama kiunzi hicho kwa makini. Mapenzi yamejibiwa tangu siku ya kwanza, na kizuizi kinatoka nje: baba, ukoo, jina la familia. Laila hapewi nafasi ya kusema la wala ya kusema ndiyo mbele ya watu. Hilo ndilo kosa la kimsingi katika kisa chenyewe, na ndiyo maana msomaji anapata mkosaji wa kumnyooshea kidole bila taabu. Mtahiniwa niliyemtaja hapo juu, bila kujua, anaisoma kila riwaya kana kwamba ni Laila na Majnuni.

Sasa tuvuke hadi Uingereza ya karne ya 19, mahali ambapo riwaya ilikuwa ikitolewa kwa vipande magazetini na wasomaji wakiisubiri kama tunavyosubiri kipindi cha televisheni. Charles Dickens alianza kuchapisha Great Expectations katika jarida lake, All the Year Round, mwezi wa Desemba 1860, na akaimaliza Agosti 1861. Pip ni yatima anayelelewa na dada yake na shemeji yake, Joe Gargery, mhunzi. Siku moja anapelekwa kwenye jumba la tajiri mmoja mwanamke, Bi Havisham, ili akacheze na mtoto wa kulea wa jumba hilo, Estella. Wanacheza karata. Estella anamcheka Pip kwa mikono yake mikavu na viatu vyake vizito, naye Pip, badala ya kuchukia, anapenda, na kuanzia siku hiyo anaionea haya karakana ya Joe.

Watu wengi humwita Estella katili. Hata hivyo yeye ndiye mhusika mkweli kupita wote katika suala la mapenzi. Anamwambia Pip mara kadhaa kwamba hana moyo wa kupenda, na anamwonya ajihadhari naye. Ukatili uko kwa Bi Havisham, bibi harusi aliyeachwa siku ya harusi yake, ambaye amemlea binti huyu awe silaha ya kulipizia kisasi kwa wanaume. Kwa hivyo hapa tumepiga hatua moja kutoka kwa Laila. Msichana sasa ana jibu, na jibu ni la. Lakini jibu hilo alitiwa kinywani na mtu mzima kabla hajaweza kulitafuta mwenyewe.

Jinsi Dickens alivyoimaliza riwaya hii ni jambo ambalo kila mwalimu wa riwaya anapaswa kulijua. Katika mwisho alioandika kwanza, Pip na Estella wanakutana kwa dakika chache barabarani, London. Estella amefiwa na mume wake wa kwanza na ameolewa tena na daktari. Wanashikana mikono na kuachana, basi. Rafiki yake Dickens, mwandishi Edward Bulwer-Lytton, aliusoma mwisho huo kabla haujachapwa akamshauri aubadilishe, na Dickens akakubali. Katika mwisho uliochapishwa, wawili hao wanakutana kwenye magofu ya lile jumba na kuondoka pamoja, na msomaji anaachiwa atumaini. Mwisho wa kwanza ulikuja kujulikana baada ya kifo cha Dickens, pale John Forster alipouweka katika kitabu cha maisha yake. Mimi naupendelea ule wa kwanza. Lakini kinachotuhusu hapa ni kwamba hata mwandishi mkubwa kama huyo, akiwa na gazeti lake mwenyewe, aliona vigumu kuwaacha wasomaji na mapenzi ya utotoni yasiyojibiwa.

Miaka saba baadaye, upande wa pili wa bahari, jambo hilo hilo lilimkabili mwanamke asiye na gazeti wala mali. Louisa May Alcott alizaliwa mwaka 1832 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, akakulia zaidi katika mji mdogo wa Concord, Massachusetts. Baba yake, Bronson Alcott, alikuwa mwalimu na mwanafalsafa mwenye mawazo mengi na kipato kidogo. Louisa alishona nguo, akafundisha, akafanya kazi za nyumbani za watu, akawa muuguzi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake, na usiku akaandika hadithi za kusisimua ili nyumbani pachemke chungu. Mwaka 1867 mchapishaji Thomas Niles wa kampuni ya Roberts Brothers, Boston, alimwomba aandike kitabu cha wasichana. Hakuipenda kazi hiyo. Alisema hakuwahi kuwajua wasichana wengi isipokuwa dada zake. Alianza Mei 1868, akatumia kumbukumbu za nyumbani kwao, na mwishoni mwa Septemba mwaka huo sehemu ya kwanza ya Little Women, yaani Wanawake Wadogo, ikatoka. Nakala 2,000 za kwanza ziliisha kwa muda mfupi mno.

Dada wanne wa ukoo wa March wanaishi na mama yao wakati baba yuko vitani: Meg, Jo, Beth na Amy. Jo ndiye kitovu. Ana miaka 15, mrefu, mwenye hasira za haraka, anapenda kuandika na hajali mavazi. Jirani yao ni Mzee Laurence, tajiri, anayeishi na mjukuu wake yatima, Laurie, wa rika lake Jo. Wanakutana kwenye dansi. Jo amejificha nyuma ya pazia kwa sababu gauni lake lina alama ya kuungua mgongoni, na huko nyuma ya pazia anamkuta Laurie naye amejificha kwa haya. Hakuna mapenzi hapo. Kuna watoto wawili wanaoona ahueni kumpata mwenzao.

Kutoka hapo Alcott anautumia muda mrefu sana kuujenga urafiki. Watoto wana sanduku la posta kwenye ua unaotenganisha nyumba mbili, na humo hupitia barua, vitabu, hata vyakula. Wasichana wana chama chao cha siri na gazeti lao dogo, na Laurie anaingizwa baada ya mjadala na kura. Amy anapotumbukia kwenye barafu, Laurie ndiye anayemwokoa. Ninasisitiza mambo haya kwa sababu wanafunzi wetu huyaruka wakitafuta mahali penye mapenzi. Bila kuupima uzito wa urafiki huo, hawataelewa kilichohatarishwa baadaye.

Baada ya sehemu ya kwanza kutoka, barua zikaanza kumiminika. Wasomaji, wengi wao wasichana, walitaka kujua jambo moja: je, wadogo hawa wataolewa na nani? Hasa walitaka Jo aolewe na Laurie. Alcott aliandika katika shajara yake kwa kero, akishangaa kwamba wasichana hao wanaiona ndoa kama mwisho pekee wa maisha ya mwanamke, akaapa hatamwoza Jo kwa Laurie ili kumridhisha mtu yeyote. Kumbuka hali yake alipoandika maneno hayo. Madeni ya familia yalikuwa bado yanawakaba. Wasomaji wale ndio waliokuwa wakinunua unga wa nyumba yao. Kuwakatalia ilikuwa sawa na mwenye duka kubishana na wateja wake asubuhi ya sikukuu.

Sehemu ya pili ilitoka Aprili 1869. Miaka imepita. Laurie yuko chuoni, na Jo ameanza kuhisi kwamba rafiki yake anamtazama kwa namna nyingine. Anamweleza mama yake, naye mama, anapoulizwa maoni, anasema wazi kwamba anawaona wawili hao wamefanana mno: wote wana hasira, wote wanapenda uhuru. Hamkatazi. Anamwambia anachokiona, kisha anamwachia binti yake uamuzi. Jo anakwenda New York kufanya kazi kwa miezi kadhaa akitumaini moto utapoa wenyewe. Haukupoa.

Sura ya 35 ndiyo ningependa kila mwalimu aisome. Laurie anamsubiri Jo na kumwambia yaliyo moyoni. Ameacha mchezo wa biliadi kwa ajili yake, amesoma kwa bidii kwa ajili yake. Jo anajaribu kumzuia asiseme, kisha anapoona hawezi kumzuia, anamjibu. Anamshukuru. Anakiri anamthamini mno. Anasema amejaribu kumpenda kwa namna anayoitaka yeye na ameshindwa, na hawezi kudai hisi asiyokuwa nayo. Halafu anatoa sababu ambazo hakuna baba wala tajiri ndani yake: wangegombana kila siku, naye Laurie angeichukia kazi yake ya kuandika, ilhali yeye hawezi kuishi bila kuandika. Laurie anakasirika, analaumu, anaondoka kwenda kupiga makasia mtoni kama mtu anayekimbizwa.

Na hapa ndipo Alcott anapowapita waliomtangulia. Jo haondoki jukwaani baada ya kukataa. Anakwenda moja kwa moja kwa Mzee Laurence na kumweleza kila kitu, ili kijana atakaporudi nyumbani apokewe kwa upole, na akiwa anaeleza anavunjika na kulia. Usiku Laurie anaipiga kinanda sonata ya Beethoven yenye huzuni, kisha inakatika katikati. Babu, mzee aliyejulikana kwa ukali, anamwahidi safari ya Ulaya na kusema atakwenda naye. Nani msaliti hapa? Mtahiniwa atafute hadi achoke. Kuna watu watatu wenye uchungu, na kila mmoja anamhurumia mwenzake.

Kuna kipande kingine ambacho hunichekesha kila nikikisoma. Akiwa Ulaya, Laurie anaamua kuutungia muziki moyo wake uliovunjika. Anaanza opera, na anataka Jo awe shujaa wake wa kike mwenye huzuni. Lakini kumbukumbu inamsaliti. Kila akimwita Jo, anamwona akipiga vumbi la mikeka huku amejifunga leso kichwani, au akijikinga kwa mto wa kochi. Haiwezekani kumlilia mtu wa namna hiyo kwa opera. Alcott anatuambia, bila kuhubiri, kwamba Laurie alipendana na rafiki wa kweli lakini akajitungia mpenzi wa kubuni, na rafiki wa kweli anakataa kuingia katika vazi hilo. Kwa mbinu hiyo ndogo ya kinaya ameeleza juu ya mapenzi ya kwanza zaidi ya kurasa nyingi za machozi katika vitabu vingine.

Mwisho wa riwaya hautuachi na furaha kamili. Laurie anamwoa Amy, mdogo wake Jo, aliyemkaripia huko Ufaransa kwa uvivu wake. Jo naye anaolewa na Profesa Bhaer, Mjerumani mwenye umri mkubwa kuliko yeye, katika onyesho la mvua na mwavuli ambalo mimi binafsi naliona limeshonwa kwa haraka. Barua ya Alcott ya mwaka huo wa 1869 inatupa sababu: yeye alitaka Jo abaki mwandishi asiyeolewa, kama alivyobaki yeye hadi kifo chake mwaka 1888, lakini wasomaji walimbana hivi kwamba hakuthubutu kuwanyima ndoa kabisa, basi kwa ukaidi akamtafutia mume wa kuchekesha. Alishinda nusu. Jambo la mume alilipoteza. Jambo la Laurie hakulilegeza. Filamu ya Little Women ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Greta Gerwig, ilikiweka kisa hiki cha mwandishi ndani ya hadithi yenyewe: Jo anabishana na mchapishaji wake juu ya mwisho wa kitabu, na ndoa inauzwa kama sehemu ya mkataba.

Mtu asidhani kwamba baada ya 1869 njia ilikuwa wazi. Mwaka 1908 Lucy Maud Montgomery wa Kanada alichapisha Anne of Green Gables. Gilbert anamtania Anne darasani kwa nywele zake nyekundu, naye Anne anamvunjia kibao cha kuandikia kichwani. Uadui huo unageuka urafiki kwa miaka, na katika kitabu cha mwaka 1915, Anne of the Island, Gilbert anaomba kumwoa naye Anne anakataa kwa moyo safi kama wa Jo. Lakini kabla kitabu hicho hakijaisha Gilbert anaugua homa ya matumbo, Anne anagundua usiku mmoja kwamba alimpenda siku zote, na wasomaji wanapata walichokitaka. Kitabu ni kizuri, nacho kimependwa kwa haki. Ila kimewafundisha vijana wengi kwamba la ya msichana ni ndiyo iliyochelewa, na somo hilo limekuwa na madhara nje ya vitabu.

Je, haya yanatuhusu nini sisi tunaofundisha riwaya ya Kiswahili? Yanatuhusu kwa kile tulichokipata na kile ambacho hatukukipata. Riwaya za vijana za Ulaya ziliingia katika Kiswahili cha shule kupitia tafsiri za kipindi cha ukoloni. Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani zilitoka mwaka 1929, na Safari za Gulliver miaka michache baadaye, nyingi kwa mkono wa Frederick Johnson. Vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vilijifunza kusoma hadithi ndefu kwa vitabu hivyo. Ni vitabu vya wavulana na wanaume: merikebu, ramani, hazina, milima, urafiki wa safarini. Elisi katika Nchi ya Ajabu ya mwaka 1940 ina msichana, lakini naye yuko safarini na hakuna anayempenda wala anayempenda yeye. Nyumba yenye dada wanne, sanduku la posta kwenye ua na kijana jirani haikuwamo katika shehena hiyo.

Sidai kwamba waandishi wetu waliiga tu walichosoma. Fasihi simulizi yetu nayo ina safari nyingi, na riwaya ya Ken Walibora, Siku Njema (1996), iliyosomwa na kupendwa na maelfu ya wanafunzi wa Kenya, ina mizizi huko pia: kijana anatoka Tanga kumtafuta baba yake Kenya. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi wetu amepewa ruwaza mbili zenye nguvu. Moja ni ya safari, ambayo haina muda wa kukaa na urafiki wa mvulana na msichana. Nyingine ni ya Laila, ambayo ina mapenzi yaliyokwisha jibiwa na mzazi aliyesimama mlangoni. Ruwaza ya tatu, ya rafiki anayekataa, hakuipata.

Riwaya yetu iliyolikaribia suala hili kwa ujasiri mkubwa ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Aliiandika akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ikachapishwa Nairobi na East African Literature Bureau mwaka 1971. Ilipigwa marufuku shuleni Tanzania kwa sababu ya jinsi ilivyozungumzia maisha ya kimapenzi ya msichana wa shule, ingawa baadaye ilikuja kuruhusiwa na kutahiniwa. Wengi huikumbuka kwa marufuku hayo, na hivyo husahau kilichomo kurasa za mwanzo.

Rosa ni binti mkubwa wa Zakaria na Regina, katika kijiji cha Namagondo, Ukerewe, ambako ndiko alikozaliwa mwandishi mwenyewe. Mvulana aitwaye Charles anamwandikia barua. Ni barua ya mtoto wa shule kwa mtoto wa shule. Zakaria, baba mlevi, anaijua barua hiyo na anampiga Rosa kipigo cha kinyama. Ndivyo kisa cha mapenzi ya kwanza ya Rosa kilivyoishia: kabla hajapata nafasi ya kupima kama anampenda Charles, kama anamwona rafiki tu, au kama anamchukia. Kipigo kimetangulia jibu.

Linganisha na yule mama wa Concord. Wote wawili, Bi March na Zakaria, ni wazazi walioona mapenzi ya ujana yakikaribia nyumba yao. Mmoja aliulizwa akasema anachokiona. Mwingine hakuulizwa, wala hakuuliza. Kezilahabi anaonyesha matokeo kwa mantiki isiyo na huruma. Rosa anakwenda shule ya bweni Mwanza akiwa na woga wa wavulana, na woga huo unapovunjika hana kitu kingine cha kumlinda. Hakufundishwa kukataa, alifundishwa kuogopa tu. Wanaume wenye vyeo na fedha wanalitumia pengo hilo mmoja baada ya mwingine. Na Charles yule yule anaporejea akiwa mtu mzima kutaka kumwoa, anamtaka Rosa wa barua ile, asiyeguswa. Anapojua ya nyuma yake, anamwacha, naye Rosa anajitoa uhai.

Hapa wahakiki wa miongozo humkamata Charles na kumwandika "msaliti", wakamaliza. Kweli ana lawama, tena nzito, kwa sababu yeye hakukataa kwa kukosa mapenzi; alikataa kwa kumpima mwanamke kwa kipimo ambacho yeye mwenyewe hakupimwa nacho. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumeikosa nusu ya riwaya. Charles anafanana na Laurie wa ile opera. Amembeba moyoni msichana wa barua kwa miaka yote, na mwanamke halisi anapomjia na historia yake, hawezi kumwona. Tofauti ni kwamba Laurie alikuwa na miaka ya urafiki iliyomrudishia Jo halisi kila alipojaribu kumbuni, akicheka na kupiga mikeka. Charles hana kumbukumbu za namna hiyo, kwa kuwa urafiki wao ulikatwa ukiwa na barua moja.

Kwa mtazamo huu, marufuku ya riwaya ile yana kinaya chake. Wakubwa waliohofia kwamba wanafunzi wangejifunza uasherati walikuwa wakifanya kwa kitabu yale ambayo Zakaria alifanya kwa barua. Sisemi haya ili kuwadhihaki. Walikuwa na watoto wa watu mikononi mwao, kama tulivyo nao sisi. Mwalimu wa shule ya mseto anajua jinsi ilivyo rahisi kuikamata barua, kuisoma mbele ya gwaride na kuondoka akidhani amefundisha maadili. Anajua pia msichana wa Kidato cha Pili anayeitwa mringaji na darasa zima kwa sababu amemwambia mwenzake wa dawati "hapana", na mvulana anayechekwa hadi anaacha kuinua mkono darasani. Hao wote wawili wako katika madarasa tunayoyafundishia riwaya, nasi tunawapa maneno mawili tu ya kujielezea: mapenzi na usaliti.

Katika uhakiki wa darasani, basi, ningependekeza maswali ya mapenzi yasianze na "nani alimsaliti nani". Yaanze na urafiki uliotangulia: una kurasa ngapi, umejengwa kwa matukio gani, nani aliupa nini? Kisha yaulize ni nani aliyepewa nafasi ya kujibu, na jibu hilo lilikuwa lake au la mtu mwingine. Mtahiniwa anayeweza kutofautisha la ya Estella, la ya Jo na kimya cha Laila ana zana ya kuuchambua usawiri wa msichana katika kitabu chochote teule atakachopewa, kiwe cha mwaka huu au cha miaka mitano ijayo.

Na kwa mwalimu mwenye nafasi ya kutoa zoezi la insha ya kubuni kwa Kidato cha Tatu, hili hapa: Zakaria hakuijua barua ya Charles. Rosa amekaa nayo siku tatu. Andika jibu lake. Wapo watakaomfanya akubali na wapo watakaomfanya akatae, na wengine watamfanya aombe muda, ambalo pengine ndilo jibu la kweli zaidi kwa msichana wa umri ule. Usahihishaji usiangalie alikubali au alikataa. Uangalie kama sauti inayojibu ni ya Rosa, na kama Charles, akiisoma barua hiyo huko shuleni kwake, bado atakuwa na rafiki.